Mpaka Barazani

Mimi ndiye mgawa funguo wa kiwanda cha vioo,
Marinha Grande, chumba kisicho na dirisha.
Cheo sina. Ila hakuna aonaye kitu humu
bila jina lake kupita kwanza mikononi mwangu.

Miaka ishirini na mmoja Graciete Valadares alikuwa wa uani.
Aliufungua mtandao wa ndani kabla hajavua koti:
leo mezani kuna nini, chewa na viazi tena?
nani kajifungua,
nani kapoteza mwavuli wa kijani karibu na tanuri la tatu.
Michoro ya kalibu, makosa ya zamu ya usiku,
picha ya Belmiro na kofia ya karatasi siku alipotimiza sitini.
Mambo ambayo nyumba haimwambii mgeni.

Kisha kitengo cha kung'arisha kalibu kikafungwa.
"Kazi itapelekwa nje," walisema,
kana kwamba nje hakukai watu.
Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nilibonyeza kitufe,
jina lake likageuka kijivu.
Sikupiga hodi. Kufuta hakuna hodi.

Baada ya miezi minne akarudi kwa mlango mwingine.
Mashine mbili za kusugua, ndani ya gereji
lilimokaa gari la marehemu mumewe,
na kalibu zilezile, zenye mikwaruzo
anayoijua kama makovu ya wanawe.
Nikamtengenezea nywila ya ekstraneti,
pamoja na namba inayotumwa kwenye simu kila aingiapo,
maana mgeni hukaguliwa.

Skrini humwambia Karibu.
Karibu mpaka barazani.
Oda zake anaziona; vipimo, tarehe,
ankara: imelipwa, haijalipwa.
Siku ya kwanza alinipigia:
"Adelino, menyu iko wapi?"
Nikacheka. Naye akacheka, kidogo kuliko mimi.

Sisemi ukuta ni mbaya.
Yuko fundi wa Leiria mwenye nywila kama yake;
akiziona bei za Graciete atashusha zake kesho.
Ukuta unaomzuia ndio unaomsitiri.
Hayo nilijiambia, na ni kweli,
na ukweli huo haukunisaidia mwezi wa Februari.

Belmiro alianguka kwenye ngazi. Moyo.
Tangazo likabandikwa uani, na picha ya mshumaa.
Watu mia na arobaini wakabonyeza alama ya huzuni.
Barazani, kimya: oda namba 4417,
kalibu sita za chupa za mafuta.
Na katika kile kisanduku cha maelezo,
herufi mia na ishirini, mwisho, Graciete aliandika:
"Tayari. Ya nne ina ufa. Mwambie Belmiro aache kuzigonga kwa nyundo."

Niliyasoma siku tatu baada ya maziko.

Simu ilikuwa pale, karibu na kikombe.
Nadhani niliiogopa sauti.
Nikafungua kisanduku kilekile,
nikaandika, nikafuta, nikahesabu:
"Belmiro hayupo tena. Jumanne tulimzika. Ulipaswa kujua. Nisamehe."
Zikabaki herufi hamsini na nne
nisizokuwa na la kuzijazia.

Hakujibu. Mzigo ulipofika ulikuwa na vipande saba.
Cha saba, kalibu ndogo ya bilauri, kuukuu,
isiyo kwenye orodha yoyote,
imesuguliwa mpaka nikaiona pua yangu.
Mfumo uliikataa: bei haiwezi kuwa sifuri.
Nikaandika senti moja, nikailipa mwenyewe.

Niliipiga picha, nikaibandika uani chini ya tangazo.
Kiwanda kizima kimeiona.
Yeye tu hawezi.

Jumamosi nitaichapisha kwenye karatasi,
pamoja na majina ya wote walioandika chochote chini yake,
niipeleke gereji kwa mkono.
Nitapiga hodi,
nisijue kama na mimi
nitaishia barazani.